Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vyombo Vinavyosanifiwa kwa Ajili ya Walemavu na Manufaa Yake kwa Umma

1. Utangulizi

Methali ya Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maelezo yake yanajulikana. Siku mgeni anapobisha hodi, kuku huchinjwa na chakula kizuri hupikwa. Na mwenyeji, ambaye jana yake alilala kwa mboga tu, naye hushiba kwa baraka ya mgeni. Kilichoandaliwa kwa ajili ya mmoja huwafaa wote waliomo nyumbani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo hiyo hutawala uhusiano uliopo kati ya vyombo vya teknolojia na watu wanaovitumia. Mara nyingi hudhaniwa kuwa kumtengenezea mlemavu njia ya kupita, sauti ya kusikiliza au kitufe cha kupapasa ni gharama inayobebwa na wengi kwa faida ya wachache. Wengine huongeza kwamba nchi maskini kama yetu haina budi kuwashughulikia kwanza watu wa kawaida, kisha, uwezo ukipatikana, iwakumbuke walemavu. Dai letu ni kinyume cha hayo. Tutajaribu kuthibitisha kwamba chombo kilichosanifiwa kwa kumfikiria yule anayekwama mlangoni huwafaa watu wengi zaidi kuliko waliokusudiwa, na kwamba jambo hili ni kweli zaidi katika nchi zinazoendelea, kwa sababu huku wanaokwama mlangoni ni wengi.

Msomaji aweza kuuliza: suala hili lina uhusiano gani na jarida la taaluma za Kiswahili? Jibu ni kwamba hapa Likasi, na katika Haut-Katanga kwa jumla, kizingiti cha kwanza cha vyombo vingi vya kisasa ni lugha. Tutaanza na dhana, kisha tutaitazama mifano ya historia, karatasi ya kura, fedha za simu, na mwishowe Kiswahili chenyewe.

2. Dhana na istilahi

Ulemavu katika sarufi ya Kiswahili una historia yake. Majina ya zamani ya watu wenye upungufu wa viungo yamo katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ingawa upatanisho wake wa kisarufi ni ule wa viumbe wenye uhai (tunasema kipofu huyu, vipofu hawa), umbo la jina limebaki pamoja na vitu. Baadaye neno mlemavu lilienea, ambalo limo katika ngeli ya watu. Na siku hizi maandishi rasmi hupendelea kusema mtu mwenye ulemavu. Mabadiliko hayo si adabu tupu. Katika istilahi ya zamani kasoro ndiyo mtu mwenyewe. Katika istilahi mpya kasoro ni kitu alicho nacho mtu.

Wataalamu wa usanifu wamekwenda hatua moja zaidi. Kwao, sehemu kubwa ya kasoro imo katika chombo. Mtu aliyeketi katika kiti cha magurudumu haoni tabu yoyote sakafuni. Tabu huanza pale penye ngazi tatu. Msanifu wa majengo wa Marekani Ronald Mace, ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni baada ya kuugua polio, ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa fikra ya usanifu kwa wote katika miaka ya 1980. Fikra hiyo inataka majengo na vyombo vitengenezwe tangu mwanzo kwa namna ambayo watu wengi iwezekanavyo wataweza kuvitumia, pasipo kungoja kurekebishwa baadaye. Mwaka 1997 Mace na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walitoa kanuni saba za usanifu wa aina hiyo.

Fikra hiyo imeingia pia katika sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unaitaja waziwazi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na mkataba huo mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake yenyewe ya kuwalinda na kuwaendeleza watu wenye ulemavu. Ni dhahiri basi kwamba hatuzungumzii hisani, bali wajibu ambao nchi yetu imekwisha kuutia sahihi.

3. Mifano ya historia

Mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa ukingo wa barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Berkeley, California, wanafunzi wenye ulemavu na wenzao walidai kwamba kingo za njia za waendao kwa miguu zikatwe kwenye makutano na kuwekewa mteremko, ili viti vya magurudumu vipite. Mteremko ulipowekwa, walioutumia hawakuwa watu wa viti hivyo peke yao. Kina mama wenye vigari vya watoto, wachukuzi wa mizigo, wasafiri wenye masanduku na wazee wote waliupitia.

Tuupeleke mfano huo Likasi. Majengo mengi yaliyojengwa wakati mji ulipoitwa Jadotville, jina lililotumika hadi mwaka 1966, yana ngazi mlangoni. Tujiulize ni nani anayehitaji mteremko mahali hapo. Yupo mchimbaji aliyevunjika mguu shimoni, na yupo mtu aliyeugua polio. Lakini yupo pia mama mjamzito mwenye mtoto mgongoni na beseni kichwani. Yupo kijana anayesukuma baiskeli iliyopakiwa mifuko ya makaa. Yupo mzee mstaafu wa migodi ambaye magoti hayamtii tena. Katika mji ambao mizigo mingi husafiri kwa kichwa, kwa mgongo na kwa baiskeli, mteremko si kifaa cha wachache.

Mfano wa pili ni wa sahani za santuri. Mwaka 1934 nchini Marekani ulianza mpango wa kuwasomea vipofu vitabu kwa njia ya sahani. Sahani za kawaida za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika na kumalizika baada ya dakika chache, hivyo kitabu kimoja kingehitaji rundo la sahani lisilobebeka. Kwa hiyo vipofu walitengenezewa sahani zinazozunguka polepole, zenye kuchukua muda mrefu zaidi kila upande. Sahani ndefu za aina hiyo zilipofanikiwa katika soko la muziki kuanzia mwaka 1948, wasomaji vipofu walikuwa wamezitumia kwa takriban miaka 14. Nao usomaji wa vitabu kwa sauti, uliokuwa kwa muda mrefu huduma ya wasioona, leo ni biashara kubwa ya watu wenye macho yao mawili.

Mfano wa tatu umo mikononi mwa wengi wetu. Kwenye simu ndogo ya vitufe, namba 5 ina kialama kidogo kilichoinuka. Kialama hicho humwongoza asiyeona: akikipata kwa kidole, anajua mahali pa namba nyingine zote. Lakini hata mwenye macho hukitumia bila kujua, anapobonyeza namba gizani wakati umeme umekatika. Mtu aliye gizani ni kipofu wa saa moja, kama vile aliye karibu na mashine za kiwandani ni kiziwi wa saa nane, na mwenye mtoto mkononi ni mtu wa mkono mmoja mpaka mtoto alale. Mpaka kati ya mlemavu na mzima si ukuta. Watu huuvuka kila siku, na uzee ukifika wengi hawarudi tena ng'ambo ya pili.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya wanadamu, wana ulemavu mkubwa. Idadi hiyo peke yake si ndogo. Lakini hoja yetu haikomei hapo, kwa sababu katika nchi zetu upo upungufu mwingine unaomweka mtu katika hali ile ile ya kukwama mbele ya chombo, nao ni kutojua kusoma, au kujua kusoma lugha isiyokuwa ile ya chombo.

4. Karatasi ya kura

Afrika ya Mashariki ilikabiliana na tatizo hilo mapema. Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 1965, wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Mkulima hakuhitaji kusoma jina la mtu. Alihitaji kukumbuka tu kwamba mtu wake ni wa jembe au ni wa nyumba. India ilikuwa imetumia alama vivyo hivyo katika uchaguzi wake wa kwanza wa mwaka 1951 na 1952. Je, nani alifaidika na jembe na nyumba? Asiyejua kusoma, bila shaka. Lakini pia mzee aliyejua kusoma na macho yake yamefifia, na hata msomi, ambaye alimaliza kazi yake upesi zaidi.

Katika nchi yetu, uchaguzi wa tarehe 30 Julai 2006 ulikuwa na wagombea urais 33, na karatasi ya kura ilibeba picha zao. Picha ilikuwa mteremko kwa wasiosoma. Hata hivyo, mwaka 2011 wagombea wa ubunge walizidi 18,000 kwa viti 500, na katika majimbo ya miji mikubwa karatasi ya kura iligeuka kuwa kama gazeti lenye kurasa nyingi. Picha zilikuwepo, lakini kumtafuta mtu mmoja miongoni mwa mamia ni kazi ngumu kwa mwenye macho mazuri, na ngumu zaidi kwa mwingine. Fundisho lililomo ni kwamba njia iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge hufa ikiwa nyingi ya vitu vitakavyopitia humo haikufikiriwa.

Tarehe 30 Desemba 2018 ilitumika mashine ya kupigia kura, na mashine za aina hiyo zikatumika tena katika uchaguzi wa Desemba 2023. Mpiga kura aligusa kioo, akachagua mgombea kwa picha au kwa namba, na mashine ikachapa karatasi. Kwa upande mmoja, gazeti lile la mwaka 2011 liliondoka. Kwa upande mwingine, watu wengi walikuwa hawajapata kugusa kioo cha aina hiyo, na asiyeona hakuwa na kitu cha kupapasa. Waliokwama walilazimika kusaidiwa, na mahali penye msaidizi, siri ya kura imekwisha kuwa ya watu wawili. Mashine hiyo ilizusha ubishi mkubwa wa kisiasa, ambao si mada yetu. Kwa upande wa usanifu, swali moja latosha: kama mashine ingeweza kutamka majina kwa sauti katika masikio ya asiyeona, kwa Kiswahili au Kilingala, ni wangapi wenye kuona wangetaka kuisikiliza pia? Tunaamini wangekuwa wengi kuliko vipofu.

5. Fedha za simu

Mfano wa karibu zaidi na maisha ya kila siku ni fedha za simu. Huduma ya M-Pesa ilijaribiwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2005 na kufunguliwa kwa umma mwezi Machi 2007. Katika majaribio, huduma hiyo ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao. Walipopewa, watu walianza kuitumia kwa jambo jingine, yaani kutumiana fedha wao kwa wao, na hilo ndilo lililoikuza. Uamuzi wa msingi wa wasanifu ulikuwa kwamba huduma ifanye kazi katika simu duni kuliko zote, bila intaneti. Waliomfikiria mwenye simu duni ndio waliowapata wote, kwani mwenye simu ya thamani naye aliweza kuitumia, ilhali kinyume chake kisingewezekana.

Nchini Kongo huduma hiyo ilianza mwishoni mwa mwaka 2012, na kampuni nyingine zina huduma za namna hiyo hiyo. Katika nchi ambayo matawi ya benki ni machache na barabara ni mbovu, faida yake haihitaji maelezo marefu.

Hata hivyo, kizingiti kimoja kilibaki, nacho ni kusoma. Menyu ya maandishi humtaka mtumiaji asome mistari, achague namba, asome tena, kisha aandike namba yake ya siri kabla muda haujapita. Asiyeona, asiyesoma, au anayesoma polepole hushindwa. Basi hufanya nini? Humwendea mmoja wa vijana wanaokaa chini ya miavuli kando ya barabara, humkabidhi simu, na humtajia namba ya siri. Vijana wengi ni waaminifu. Lakini ulinzi wote wa chombo hiki umejengwa juu ya dhana kwamba namba ile inajulikana na mtu mmoja tu. Mahali ambapo mtu hawezi kukitumia chombo peke yake, siri huwa jina tu, na mali yake iko katika rehema ya jirani. Hapa ndipo tunapoona kwamba usanifu si suala la starehe. Ni suala la nani ana mamlaka juu ya fedha zake.

Menyu ya sauti, ambayo kampuni inaweza kuiweka katika namba ya kupigia, ingemwondolea kipofu aibu ya kutaja siri yake hadharani. Ingemwondolea pia mama wa sokoni, ambaye si kipofu na wala hajiiti mlemavu.

6. Kiswahili: ngazi au mteremko?

Tumefika mahali ambapo taaluma yetu inahusika moja kwa moja. Tukisema menyu au sauti iwe katika Kiswahili, tunamaanisha Kiswahili kipi?

Historia ya lugha hii katika Katanga inafahamika. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi zenye lugha mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya kambi. Johannes Fabian ameichambua historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, akionyesha jinsi ukoloni ulivyokihitaji Kiswahili kwa maslahi yake. Watu nao wakakifanya lugha yao: wakakilea, wakakizalia watoto. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Lakini Kiswahili kilicholelewa Likasi na Lubumbashi kina njia zake, tofauti na zile za Kiswahili sanifu tunachokifundisha darasani.

Tuchukue mfano mmoja. Katika Kiswahili sanifu, kitenzi kutosha kina maana ya kufikia kiasi kinachohitajika. Katika usemi wa Katanga, kitenzi hicho hicho kina maana ya kutoa au kuondoa. Unyambulishaji wake ni wa kawaida kabisa: kama waka huzaa washa, na anguka huzaa angusha, vivyo hivyo toka huzaa tosha. Kutosha kiti chumbani ni kukiondoa. Kutosha franga ni kutoa fedha. Sasa tuseme mtu anajaribu kutoa fedha, na simu inamjibu: "Fedha zako hazitoshi." Mwenyeji wa Dar es Salaam huelewa mara moja kwamba akiba yake ni ndogo. Mwenyeji wa Likasi ambaye hakusoma Kiswahili sanifu huweza kukisia kwamba ni mashine iliyokataa kutoa, na akajaribu tena, na tena. Sentensi ni sahihi, tafsiri ni sahihi, na bado mtu amekwama.

Mfano wa pili ni wa hesabu. Wachunguzi wa usemi wa Katanga wameonyesha jinsi wasemaji wake wanavyochanganya Kiswahili na Kifaransa. Na yeyote aliyenunua kitu sokoni anajua kwamba bei kubwa hutajwa mara nyingi kwa Kifaransa, hata na watu ambao hawawezi kuzungumza Kifaransa. Sauti ya mashine ikitaja kiasi cha fedha kwa tarakimu za Kiswahili sanifu peke yake, msikilizaji atalazimika kutafsiri kichwani wakati ambapo kosa la sifuri moja ni hasara.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Kiswahili sanifu ndicho kinachotuunganisha na Tanzania, Kenya na kwingineko, na ndicho ambacho kwacho zana nyingi zimekwisha kutengenezwa. Programu ya bure iitwayo eSpeak, inayosoma maandishi kwa sauti, imejumuisha Kiswahili kwa miaka mingi. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla umekusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili, ili mashine zijifunze kuisikia lugha hii. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kuwasomea wasioona yaliyo kwenye kioo. Zana hizo ni neema. Tunalosema ni kwamba Kiswahili sanifu, kikiwekwa mbele ya asiyekisoma bila kujaribiwa naye, huweza kuwa ngazi mpya mahali pa ile ya Kifaransa.

Watu wenyewe wamekwisha kutuonyesha njia. Tangu programu ya WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013, asiyependa kuandika huongea tu, kwa lugha ya nyumbani, pamoja na Kifaransa chake na Kibemba chake ndani yake. Lugha ambayo wengi huisema na wachache huiandika imepata chombo kinachoifaa. Kwa kipofu, ujumbe wa sauti ni lazima; kwa wengine ni wepesi. Wote wanapita mlango mmoja.

7. Mipaka ya hoja

Haifai kuipamba hoja yetu kupita kiasi. Kwanza, si kila kinachomfaa mmoja humfaa mwingine. Kioo cha kugusa chenye picha humsaidia asiyesoma na humwondolea asiyeona vitufe vyake. Sauti humsaidia asiyeona na humwacha kiziwi palepale alipokuwa. Dawa yake ni kutoa habari kwa zaidi ya njia moja: iandikwe, isemwe, na ionyeshwe. Chombo chenye mlango mmoja, hata uwe mpana namna gani, kitamwacha mtu nje.

Pili, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chombo cha walemavu kilichosanifiwa bila walemavu huwa na kasoro ambazo msanifu hawezi kuziona. Mfano mzuri ni baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Katika kivuko cha Kinshasa na Brazzaville, na katika mpaka wa Goma na Gisenyi, walemavu wamezifanya kuwa vyombo vya kubebea bidhaa, zikapakiwa mizigo mizito, na wafanyabiashara wenye miguu mizima wakawategemea wenye baiskeli hizo. Si mtengenezaji aliyeugundua uwezo huo, bali waliokuwa juu ya kiti.

Tatu, na hili ni muhimu kuliko yote, manufaa ya umma yasigeuzwe kuwa sharti. Hoja kwamba mteremko huwasaidia wengi inafaa kumshawishi mwenye fungu la fedha. Lakini hata kama mteremko ungetumiwa na mtu mmoja tu, bado mtu huyo ana haki ya kuingia katika ofisi ya nchi yake. Methali yetu inasema mwenyeji apone. Haisemi kwamba mgeni asipomponya mwenyeji afukuzwe.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba anayekwama mlangoni ndiye mwalimu wa msanifu, na kwamba katika nchi zetu mwalimu huyo anawakilisha watu wengi sana: asiyeona, asiyesoma, mzee, mwenye mzigo, mwenye simu duni, asemaye Kiswahili ambacho hakimo vitabuni. Yapo mambo matatu ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuyafanya bila kungoja fedha za kigeni.

La kwanza ni kukusanya maneno ambayo watu wa Likasi, Kambove na Lubumbashi huyatumia hasa katika mambo ya fedha, afya na uchaguzi, na kuyaweka sambamba na yale ya Kiswahili sanifu, ili anayetayarisha menyu au tangazo asibahatishe. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hapa ana shamba ambalo halijalimwa.

La pili ni kuzijaribu tafsiri zetu kwa sauti, mbele ya watu wasiosoma, kabla ya kuzitoa. Ikiwa mama mmoja wa sokoni ameuliza, "Maana yake nini?", kosa si lake.

La tatu linahusu vyumba vyetu vya masomo. Nakala za masomo tunazowauzia wanafunzi mara nyingi zimechapwa kwa herufi ndogo na kunakiliwa mpaka zimefifia. Tukizichapa kwa herufi kubwa na wino unaoonekana, na tukirekodi mihadhara kwa simu, tutamsaidia mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Mwenzake mwenye macho mazuri, anayesoma usiku kwa mshumaa baada ya umeme kukatika, hatalalamika. Wala hatalalamika yule aliyekosa somo kwa sababu ya malaria.

Kazi hizo ni ndogo, lakini ndizo zilizo karibu nasi. Anayesubiri mpaka chombo kimekwisha kutengenezwa ndipo ahesabu waliobaki nje, atalipa gharama mara mbili: ya kujenga ngazi, na ya kuivunja.